Neno la Perpetua

Jumamosi iliyopita, kwenye foleni ya chai katika shule moja ya wavulana pale Homa Bay, tulikokwenda kwa mjadala, niliona kisogo nilichokijua. Watu husema wanamtambua mtu kwa uso au kwa mwendo. Mimi kisogo cha Perpetua nilikitazama kutoka dawati la nyuma kwa mwaka mzima, nikikichukia kwa bidii ambayo kama ningeiweka kwenye Hisabati leo hii ningekuwa nawafundisha walimu. Alikuwa amevaa sweta ya kijani ya shule nyingine, sisi tukiwa na zetu za rangi ya damu ya mzee. Rafiki yangu Boke alikuwa hajamwona bado. Alikuwa kwenye meza ya mikate akibishana na mvulana aliyekuwa akigawa. Kwa hiyo nilikuwa na muda mfupi, kama wa kupiga chafya, wa kuamua: nimwite Perpetua, au nijifanye nimeona kitu cha maana sana kwenye dari. Niliangalia dari. Ilikuwa dari ya mabati, na hapakuwa na kitu.

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba ana ng'ombe wangapi nayaruka. Nilizaliwa, inatosha. Sasa niko kidato cha nne, na mwaka ninaotaka kuueleza ni wa tisini na tatu, nilipokuwa kidato cha pili, mwaka ambao kila mtu mzima alizungumza juu ya shilingi. Ukienda dukani, shilingi imeanguka. Ukienda kanisani, tuiombee shilingi. Siku ya kutembelewa, wazazi walikaa kwenye nyasi na vikapu vyao wakiulizana bei ya sukari kwa sauti ile ya watu wanaoulizana kuhusu mgonjwa. Sisi watoto tulikuwa na pesa yetu wenyewe, ambayo haikuanguka hata siku moja. Iliitwa diski.

Shule yetu iko upande wa Migori, kwenye barabara ya kwenda Isebania. Kiingereza na Kiswahili vilikuwa ruksa, lugha ya nyumbani marufuku. Ukiteleza ukasema Kijaluo, au Kikuria kama wewe ni Boke, ulivikwa shingoni kipande cha ubao cha duara, ukubwa wa kifuniko cha sufuria ndogo, kimetobolewa na kutiwa kamba ya mkonge. Hiyo ndiyo diski. Ilikuwa imepita shingo nyingi mpaka ikawa nyeusi inayong'aa kama mgongo wa mende. Ukishavikwa, kazi yako ni kutega masikio mpaka umnase mwingine mbele ya shahidi, umvike yeye. Atakayekuwa nayo kengele ya chakula cha Ijumaa jioni ikilia, ndiye atakayeosha vyoo Jumamosi, na kama kuna safari, wenzake wataiendea bila yeye. Ninasema ilikuwa pesa yetu kwa sababu ilizunguka kama pesa, ila tu kila mtu alitaka kuitoa na hakuna aliyetaka kupokea. Mwalimu wetu wa somo la biashara aliposikia nikisema hivyo alicheka mpaka akavua miwani. Hiyo ndiyo kazi yangu duniani, kuvua walimu miwani.

Kidato cha kwanza mimi na Boke tulikuwa kampuni. Mimi nilishtua, yeye akashuhudia. Nilikuwa na mjusi wa mpira, nilikuwa na kikohozi cha mwalimu mkuu msaidizi ambacho nilikiiga vizuri kuliko yeye mwenyewe, na nilijua kukanyaga kidole kidogo cha mguu kwa namna inayoonekana ni bahati mbaya. Mjaluo akishtuka husema "yawa!" kabla hajajua amesema. Hapo Boke angejitokeza nyuma ya mlango, uso mzito kama wa karani wa mahakama, na kutangaza, "Nimesikia." Yeye mwenyewe nilimshtua mara moja tu, wiki tuliyojuana, akatoa Kikuria kirefu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa tusi au sala. Nilikataa kumvika diski. Nilimwambia, "Siwezi kuapa kwa jambo nisilolielewa." Akanitazama, akacheka, na kuanzia siku hiyo akahamia kitanda cha chini ya changu. Alipogeuka kitanda kililia, na mimi nilijua kwa mlio ule kama amekasirika, ana njaa au anakumbuka kwao Isebania. Sikuhitaji lugha yoyote.

Basi Januari ya kidato cha pili akaja mwalimu mkuu mpya, mama mfupi mwenye sauti kubwa, akasimama gwarideni na kusema wasichana si ng'ombe wa kuvishwa kengele. Akaitwaa diski, akaifungia kabatini mwake. Shule nzima ilipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu niliona wengine wanapiga, lakini nilipokuwa nikirudi darasani nilihisi mikono yangu mitupu. Mjusi wa mpira sasa alikuwa mjusi wa mpira tu. Mtu alishtuka, akasema "yawa!", kisha akaendelea na safari yake. Boke hakuwa na kitu cha kushuhudia.

Na wiki hiyohiyo akaja Perpetua kutoka Muhuru Bay, sanduku lake la bati likinuka omena, vile vidagaa vya ziwani, kutoka getini mpaka bwenini. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na alikuwa anashrabu. Kwa asiyejua, kushrabu ni kuchanganya sauti, na yeye "sh" haikuwemo kinywani mwake kabisa. Sule. Sati. Samba la miwa. Nilimshukuru Mungu. Nilimwambia Boke, "Huyu ni zawadi. Huyu atanilisha vichekesho mpaka kidato cha nne." Boke hakucheka. Alisema, "Ametoka mbali, mwache apumzike," na akampa kitanda kilichokuwa kando ya chake, kile tulichokuwa tukiwekea taulo zetu.

Niliujua ubaya wa mambo Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, wakati wa kupumzika. Nililala kitanda cha juu nikijifanya nimesinzia. Chini yangu Boke na Perpetua walikuwa wamekaa kwenye godoro moja, katikati yao mkebe wa omena za kukaanga, wanachovya vidole.

"Adhiambo, suka ule," Perpetua aliita.

"Nimeshiba," nikasema, na tumbo langu likatoa sauti ya kunikana.

Wakaendelea. Mazungumzo yao yalikuwa ya mpakani. Boke wa Isebania na Perpetua wa Muhuru, wote wamekulia mahali ambapo mtu ana shilingi mbili tofauti kwenye leso moja, ya Kenya fundo hili na ya Tanzania fundo lile. Walicheka mambo ambayo mimi wa Homa Bay mjini sikuyajua. "Kwenu mnabadilishia kwa nani?" "Kwa mama wa vitenge." "Na sisi! Kumbe wa vitenge wote ni wezi!" Halafu Perpetua akaeleza kuhusu ufuo wa kwao. Wanunuzi wa omena waligombana na wenzao wa upande wa pili, wakakata shauri kwamba pesa ya Tanzania haipokelewi tena pale. Mama yake mdogo alikuwa nayo mkebe mzima. Watu walimcheka. Mtoto wake alichukua noti akatengenezea mashua ya karatasi na hakuna aliyemchapa.

"Haikuwa imeshuka bei?" Boke aliuliza. "Kama hii yetu?"

"Hapana bwana. Kusuka ni jambo lingine. Ikisuka bado ni pesa, ila nyembamba. Hii ilikuwa imefukuzwa. Ilikuwa karatasi yenye picha."

"Ikawaje?"

"Wakapatana. Asubuhi moja mzee mmoja akaja ufuoni, akanunua debe la omena kwa noti ileile, ikapokelewa. Basi, ikawa pesa tena. Mama mdogo akatoka mbio kumtafuta mtoto na masua zake." Boke alikuwa akicheka hadi kitanda kinatikisika, wangu na wake. "Mjomba wangu mwalimu akasema kitendo hicho kina jina kwa wasomi wa uchumi. Si pesa mpya. Si pesa iliyopanda. Ni ileile, imerudiswa kazini. Inaitwa rimonitaizeson."

Huko juu nililiuma shuka. Kwanza kwa kucheka, maana neno lile kubwa lilitoka kinywani mwake kama gari lililoachwa gurudumu moja njiani. Halafu kwa kitu kingine, kwa sababu Boke alirudia polepole, "Rimonitaizeson," akiliiga hivyohivyo lilivyo, kwa heshima, kama mtu anayeonjeshwa chakula cha wageni. Kesho yake nilikwenda maktaba kuhakikisha halipo, ili nimwaibishe darasani. Lilikuwepo. Rimonetaizesheni: kukirudishia kitu kilichoondolewa hadhi yake ya kuwa pesa halali. Hata kamusi ilikuwa rafiki yake.

Muhula wa pili Kiingereza chetu kilianguka kuliko shilingi. Walimu wakakutana, sauti zikasikika hadi jikoni, na Jumatatu gwarideni mwalimu mkuu akasimama bila furaha, na msaidizi wake akainua kitu cheusi chenye kamba. Diski. Shule nzima iliguna. Moyo wangu uliruka kama wa mtu aliyeona ndugu yake ameshuka kwenye basi. Niligeuka nimtafute Boke machoni, kampuni yetu imefufuka. Na wakati huohuo, mguno ulipotulia, Perpetua akasema taratibu nyuma yangu, bila kumkusudia mtu, "Haya. Rimonitaizeson."

Mstari wetu ulipasuka kwa kicheko. Mstari wa mbele ukageuka kuuliza, ukaambiwa, ukapasuka nao. Hadi jioni neno lilikuwa limefika vidato vyote. Na sasa nikuambie jinsi neno linavyoweza kukutesa. Ugali wa jana ukikaangwa asubuhi, rimonitaizeson. Msichana aliyefukuzwa kwa kuruka ua akirudi na mzazi wake, amefanyiwa rimonitaizeson. Soksi zilizotupwa zikapatikana. Mvulana wa likizo aliyeachwa akaandikiwa tena. Wimbo wa kanisa uliosahauliwa. Hata mpishi alilisema, akipakua maharagwe ya juzi, naye hakujua ni nini, ila alijua linachekesha. Mimi nilikuwa mcheshi wa shule ile kwa jasho langu. Nilijifunza vikohozi. Nililipia mjusi. Na huyu, asiyejua hata kwamba amechekesha, ametoa neno moja lenye kasoro na shule nzima inaliimba. Nilijaribu kuleta langu. Nilitangaza kwamba tumbo baada ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, liitwe inflesheni. Watu walitabasamu kama wanavyomtabasamia mtoto wa mwalimu. Halikufika hata bweni la pili.

Lakini ningevumilia neno. Kilichoniuma ni kiti. Mwisho wa muhula kulikuwa na safari ya Homa Bay, mjadala na shule ya wavulana, kisha soda na nusu mkate kando ya ziwa. Tangu kidato cha kwanza Boke alikuwa ameniahidi kwamba siku tutakapokwenda kwetu tutakaa kiti kimoja kwenye basi la shule, nami nitamwonyesha kila kitu: duka la muuza viatu mwenye sauti ya kike, mlima uliosimama peke yake kama umekosea njia, sehemu niliyoanguka na baiskeli. Kiti kilikuwa cha watu wawili. Nilimuuliza wiki hiyo, "Boke, kiti chetu kiko palepale?"

Akasema, "Tutaona, Adhiambo. Perpetua naye hajawahi kufika Homa Bay."

Tutaona. Hakuna neno baya kama hilo katika lugha yoyote, iwe ruksa au marufuku.

Basi hesabu ilikuwa rahisi. Perpetua akiwa na diski Ijumaa jioni, kiti ni changu. Nilirudi kazini. Nilimwekea mjusi kwenye kiatu. Alimtoa, akampanga kando ya kiatu kama mgeni aliyekuja kulala. Nilikohoa kikohozi cha msaidizi nyuma ya sikio lake. Aliruka, akafumba mdomo, akacheka bila sauti, mabega tu. Nilimkanyaga kidole. Akasema, "Pole," yeye akaniambia mimi pole. Msichana ambaye hata "sh" hakuwa nayo, hakuteleza. Nilianza kumwona kama mtu aliyezaliwa kunikomoa.

Ijumaa mchana bwaloni ndipo ilipotokea. Diski ilikuwa shingoni mwa mono mmoja, ndivyo tunavyowaita wa kidato cha kwanza, mtoto mdogo mwenye macho yaliyovimba kwa kulia, aliyekuwa akizunguka meza akitega sikio kama kuku anayetafuta punje. Walileta ugali. Ulikuwa wa jana, umekatwa vipande na kupashwa moto. Perpetua akaunusa, akasema anavyosema. Yule mono alipiga kelele, "Amesema Kijaluo! Nimesikia! Huyu!"

Tulicheka. Lakini kiranja wa bwalo alikuwa Leah, Mkisii wa kidato cha nne, msichana wa sheria, asiyecheka na vidato vya chini na kwa hiyo pengine ndiye mtu pekee shuleni ambaye neno lilikuwa halijamfikia. Akaja na mwiko mkononi. "Umesema nini?"

"Rimonitaizeson," Perpetua akasema.

Leah akasikiliza. Ukiwa si Mjaluo, na ukasikia neno refu usilolijua kutoka kinywa kama kile, ungedhani nini? "Hiyo ni lugha ya nyumbani," akahukumu.

"Ni Kiingereza!" meza yetu ikasema.

"Kiingereza hicho mimi sijawahi kukisikia."

"Wewe ni Mkisii, utakisikia wapi?" mtu akasema kutoka nyuma, na Leah akawa mkali zaidi. Alipiga mwiko mezani. "Haya. Kama ni Kiingereza, mmoja anieleze maana. Si yeye, yeye ni mshitakiwa. Mwingine."

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba shule nzima ilikuwa ikitumia neno ambalo haikulijua. Waliangaliana. Mmoja akasema ni "kurudia". Leah akamwambia kurudia kuna Kiingereza chake na anakijua. Boke akasimama. Boke wangu, ambaye mbele ya watu hutetemeka hata akiitwa jina. Akasema, "Ni kama... kuna pesa... yaani imepashwa moto." Bwalo likaangua kicheko, akakaa, masikio yamemwiva. Na akanitazama mimi. Alijua kwamba ninajua. Kitanda chetu ni kimoja, na kama mimi niliusikia mlio wake, yeye naye alijua nikilala kweli na nikijifanya.

Nilichotakiwa kufanya ni kutafuna. Ugali ulikuwa mdomoni, kiti cha basi kilikuwa mkononi. Yule mono alikuwa tayari ameivua diski, kamba imetanda kati ya mikono yake, anangoja neno la Leah. Na ningependa kusema nilisimama kwa ajili ya haki. Nilisimama kwa sababu Boke alikuwa hajanitazama hivyo tangu Januari. Na tena kwa sababu bwalo zima lilikuwa kimya likingoja mtu aseme kitu, na mimi siwezi kuona ukimya kama huo ukipotea bure.

"Leah," nikasema, "nipe hiyo diski niishike. Kuishika tu." Mono akanipa, kwa shaka. Nikaiinua juu. "Mwaka jana hii ilikuwa nini?"

"Diski," wakasema.

"Ilitutisha?"

"Sana!"

"Januari Madam akaifungia kabatini. Kule kabatini ilikuwa nini? Ilikuwa kibao. Mende angeweza kukilalia. Haikukatwa, haikupakwa rangi, kamba ni ileile. Isipokuwa sisi wote tulikubaliana kwamba haina kazi. Muhula huu Madam amefungua kabati, na sisi hawahawa tumeanza kuitetemekea tena. Haikuongezwa nguvu. Haikutengenezwa nyingine. Imerudishiwa cheo chake tu. Na pesa ni hivyohivyo. Serikali inaweza kuiambia sarafu nenda nyumbani, wewe ni chuma tu, halafu siku moja ikaiita irudi, wewe ni pesa tena. Huko kuiita irudi, Leah, wasomi hukuita rimonetaizesheni. Nenda maktaba. Ukurasa una doa la chai."

Jamani, makofi! Sufuria ziligongwa. Mpishi alitoka jikoni. Nilimwona Perpetua ananitazama kwa mdomo wazi, pengo lake la meno likionekana, na nikajua kwamba nimelichukua. Kuanzia dakika ile neno lilikuwa langu. Nilikuwa nimelisema kwa "sh" yake yote.

Leah alikuna kichwa. "Kwa hiyo una uhakika ni Kiingereza?"

"Ni Kiingereza, yawa!"

Makofi yalikatika kama yamechinjwa. Diski nilikuwa nimeishika mwenyewe. Yule mono hakuhitaji hata kunivika. Alirudi mezani kwake akala kama mtu aliyetoka hospitali.

Mchana wote nilizunguka kutafuta mtu wa kumpa. Lakini nani asiyenijua? Waliponiona walifumba midomo kwa viganja, wakapita kando kama wanapita kwenye moshi. Saa za jioni nilikaa kwenye ngazi ya tangi la maji, kamba inanikwaruza shingo, nikiwaona Boke na wengine wakipiga pasi sketi za safari na kupaka viatu rangi. Nilijua watakavyokaa. Boke dirishani, kwa sababu hutapika. Perpetua kando. Watapita mbele ya muuza viatu na hakuna atakayewaambia wamsikilize.

Perpetua alikuja akiwa peke yake. Alisimama mbele yangu, nyuma yake kiranja Leah akivuka uwanja kwenda kugonga kengele. Alingoja mpaka Leah akawa karibu kabisa. Kisha akasema kwa sauti ya kutosha, "Miya."

Ni Kijaluo. Nipe. Neno moja tu.

"Umesema nini?" nikamuuliza, nikidhani sikusikia.

"Umesikia. Na Leah amesikia." Akainamisha kichwa, kile kisogo, ili nimvike bila shida. "Ni kwenu, Adhiambo. Wewe ndiye wa kumwonyesa."

Ningependa sana kukuambia kwamba nilikataa. Kamba iliondoka shingoni mwangu upesi mpaka ikanichuna.

Kwa hiyo nilipata kiti. Boke alikaa dirishani, mimi kando yake, na kuanzia Migori mjini hadi Rongo, na kutoka Rongo hadi tulipoliona ziwa, alizungumza. Nilimsikiliza kwa makini nikitafuta sentensi isiyo na Perpetua ndani yake. "Perpetua angeupenda mlima huu." "Umeona alivyofanya? Mimi nisingeweza." "Sasa hivi anaosha vile vya mwisho, vilivyo vibaya." Nilimwonyesha muuza viatu. Alikuwa amefunga. Kando ya maji walitugawia soda na nusu mkate kila mtu. Mimi wangu niliumaliza nimesimama. Boke alikunywa soda tu. Nusu yake aliifunga kwenye leso, akaifunga tena kwenye sweta, akaipakata. Nilimwambia, "Kula, utatapika ukiwa na njaa." Akasema, "Ni wa Perpetua." Njia nzima ya kurudi basi liliyumba, watu wakaimba, na mimi nikautazama ule mkate. Katika maisha yangu nimewahi kuonea wivu nguo, nywele, simu ya mezani ya jirani. Sikujua kwamba mtu anaweza kuuonea wivu mkate uliovunjikavunjika ndani ya sweta.

Mwisho wa mwaka Perpetua alihamishwa. Mjomba wake alipata kazi kwingine akaenda naye, na siku sanduku lake lilipotolewa bwenini lilikuwa halinuki omena tena, au sisi wote tulikuwa tumezoea. Boke alilia waziwazi. Mimi nililia chooni, na sijui kwa nini, maana nilikuwa nimeshinda. Diski nayo ikapotea mwaka uliofuata na hakuna aliyeitafuta. Lakini neno lilibaki. Wa kidato cha kwanza wanaokuja sasa wanalikuta kama wanavyokuta tangi na mwembe, na wakiuliza huambiwa ni neno la Adhiambo, alilieleza bwaloni, hata mpishi alitoka. Sijawahi kulikataa.

Basi Jumamosi, nikiwa natazama dari isiyo na kitu, mono wetu mmoja alipokea andazi kutoka kwa wavulana, akaligonga na kucha, likalia. "La jana!" akapaza sauti. "Rimonetaizesheni!"

Kile kisogo kikageuka. Perpetua amenenepa kidogo, pengo la meno lipo. Alimtazama yule mtoto, akanitazama mimi, akamrudia mtoto. "Hilo ni neno gani?" akauliza. "Sh" zote anazisema siku hizi. Shule yake mpya ilikuwa imemnyoosha. "Shule yenu ndiyo imelitunga?"

"Ni la huyu," mono akasema kwa fahari, akinishika mkono. "Ni neno la Adhiambo."

Nilitafuta mzaha. Mimi, wa kuvua walimu miwani, nilitafuta mzaha mfukoni, kichwani, kwenye dari, nikakosa. Sikujua kama amelisahau kweli au ananichezea. Perpetua aliinamisha kichwa kando kama anayefikiri.

"Neno zuri," akamwambia mtoto. "Lakini hamlisemi vizuri. Linasemwa rimonitaizeson."

Nyuma yangu kikombe kilianguka. Boke alikuwa amefika. Alimrukia Perpetua shingoni, chai ikiwa sakafuni, wakazunguka, wakapiga yowe, wakasema mambo ya Isebania na Muhuru yote kwa pamoja, nami nikasimama pale nimeshika vikombe vya watu. Ule wivu niliodhani umekwisha kazi tangu kidato cha pili ulinyanyuka ukanyoosha miguu, haujazeeka hata kidogo. Kisha Perpetua akanivuta mkono na mimi nikaingia katikati, pua yangu kwenye sweta ya kijani.

Tulipoachana, Boke alikuwa bado na nusu mkate wake, ule aliougombania. Akaukata kwa mikono vipande viwili. Kipande kimoja akampa Perpetua, kingine akanipa mimi, yeye akabaki analamba makombo vidoleni, anacheka.

Nikatazama cha Perpetua. Nikatazama changu. Chake kilikuwa kikubwa.